Jifunze Kukimbia Kabla ya Kupiga: Vita vya Kwanza Katika Oolite

Kama unaishi Sikonge na kompyuta uliyonayo ni ile mpakato ya zamani, betri imechoka na gemu zote za mpira zimeikataa, bado ipo gemu moja ya vita vya angani utakayoicheza vizuri bila kununua bando. Inaitwa Oolite. Ni ya bure, inatunzwa na watu wanaojitolea, inakubali Windows, Linux na Mac. Rafiki akiipakua Tabora mjini anaweza kukuletea kwenye flashi, ukaiweka, na tangu hapo intaneti haihitajiki tena.

Imejengwa juu ya Elite, gemu ambayo David Braben na Ian Bell, wakiwa wanafunzi wa Cambridge, waliitoa Septemba 1984 kwenye kompyuta ya BBC Micro yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu. Ndani ya nafasi hiyo ndogo walitia galaksi 8, kila moja na mifumo 256 ya sayari, na Oolite imeurithi ulimwengu huo wote. Braben alikuja kutoa Elite Dangerous mwaka 2014. Inapendeza macho, lakini inadai mashine yenye nguvu na intaneti isiyokatika. Kwa mtu wa Sikonge, Oolite ndiyo gemu yenyewe, na sisemi hivyo kwa kumfariji. Kama mafunzo ya kupigana, naona inazidi nyingi za kisasa, kwa sababu haikubembelezi.

Unaanzia sayari ya Lave. Unapewa chombo kiitwacho Cobra Mark III, krediti 100, leza moja dhaifu mbele na makombora matatu. Kazi yako ni biashara: nunua bidhaa hapa, ruka hadi mfumo mwingine, uza, rudi. Kati ya mahali unapotokea baada ya kuruka na kituo cha kutia nanga kuna safari ndefu ya anga tupu, na humo ndimo maharamia wanamokaa. Anayeanza akiona doti nyekundu kwenye rada, kidole kinakimbilia kitufe cha A, ambacho ndicho cha leza. Anapiga, anapigwa, chombo kinapasuka, anaanza upya, anapasuka tena, halafu anasema gemu ni ngumu. Gemu si ngumu kiasi hicho. Ameanza na somo la mwisho.

Somo la kwanza ni kuchagua vita, na sisi wa upande huu tuna ushahidi wake ardhini. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo alikuwa ameifunga njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Ujiji. Waarabu wa Unyanyembe waliamua kumpiga, na Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akajiunga nao na watu wake na bunduki zake. Walishindwa vibaya. Baada ya hapo Stanley aliiacha njia ya Mirambo, akashuka kusini kupitia Ugunda na Ukonongo, yaani upande huu huu ilipo Sikonge leo, akazunguka porini hadi akaingia Ujiji mwezi Novemba mwaka ule ule. Aliposhika njia ya vita alipoteza watu na muda. Alipozunguka, alifika.

Sasa fungua ramani ya nyota kabla hujatoka kituoni. Chagua mfumo unaotaka kwenda, kisha bonyeza F7 usome habari zake. Kitu cha kwanza kutazama ni utawala, halafu ndiyo uangalie bei. Mahali palipoandikwa Corporate State au Democracy kuna polisi wengi na maharamia wachache. Palipoandikwa Anarchy au Feudal, maharamia ndio wenyeji. Lave yenyewe iko katikati. Zaonce na Leesti, ambazo ziko karibu, ni salama kiasi. Riedquat, ambayo pia haiko mbali, ni Anarchy, na wanaoanza wengi huenda huko kwa kuvutiwa na faida. Acha kwanza. Peleka chakula, vinywaji na manyoya kutoka Lave hadi Zaonce, rudi na kompyuta na mitambo, na usione aibu kufanya hivyo mara nyingi. Kila safari utakutana na haramia mmoja mmoja, na mmoja mmoja ndicho kiasi chako kwa sasa.

Kwenye soko la gemu hii utaona pia kuna watumwa wanauzwa, wameorodheshwa pamoja na nafaka na madini. Gemu yenyewe inahesabu biashara hiyo kuwa ni kosa na polisi watakuandama. Lakini hata isingekuwa hivyo, mtu aliyekulia kwenye njia ya Tabora, ambako watu walipitishwa na minyororo shingoni kwenda pwani, hana sababu ya kujizoeza kukibonyeza kitufe hicho. Kiruke tu, faida ipo kwingine.

Mikono ndiyo inayofuata, na hapa kaa muda mrefu. Mishale ya kushoto na kulia haikugeuzi kushoto na kulia. Inakibiringisha chombo kwenye mhimili wake. Mshale wa chini unainua pua, wa juu unaishusha. Mgeni akiona adui yuko kulia hubonyeza kulia na kushangaa anga inazunguka huku adui hakaribii. Njia yake ni hii: biringisha mpaka adui awe juu kabisa ya kioo chako, kisha vuta pua juu mpaka akae kwenye alama ya katikati. Unalala kwanza ndipo unageuka, kama unavyoilaza baiskeli kabla ya kukata kona. Ukirudia hatua mbili hizo mpaka vidole vifanye bila kuulizwa, nusu ya kazi imekwisha. Fanya mazoezi hayo karibu na Lave bila kumpiga mtu. Chagua chombo chochote cha biashara kinachopita, kiweke kwenye alama, kifuate kinapogeuka, usiguse A. Ndani ya gemu kuna pia sehemu ya mafunzo unayoweza kuichagua unapoanza. Ipitie yote hata kama unajiona mwepesi.

Rada iko chini ya skrini, duara lililolazwa, wewe uko katikati. Kila chombo ni doti yenye kijiti. Kijiti kikipanda, mwenye doti yuko juu yako, kikishuka yuko chini. Doti za njano ni vyombo vya kawaida, nyekundu ni aliyekukusudia wewe, nyeupe ni vitu visivyo na rubani, kama mawe na makasha ya mizigo. Rada inafika kilomita 25 na ushee, na leza yako ya mwanzo haifiki hata nusu ya hapo. Tofauti hiyo ndiyo muda wako wa kufikiri. Mgeni huutumia kuongeza kasi kumwelekea adui, wakati ungemtosha kuhesabu.

Hesabu doti. Ikiwa nyekundu ni moja, unaweza kupigana. Zikiwa mbili, na ngao zako zimejaa, na unajisikia vizuri, jaribu. Zikifika tatu, ondoka. Nasema hivi kwa uhakika kwa sababu Cobra ya mwanzo ina leza moja tu yenye joto la kupanda haraka, na wakati unamfuata mmoja, wawili wanakupiga mgongoni, na hakuna ujanja wa kidole unaolibadilisha hilo.

Kuondoka kuna njia zake. Ukiwa karibu na kituo, kimbilia kituoni: polisi wapo, na maharamia wengi watakuacha. Ukiwa mbali, kuna kutoa mzigo. Katika matoleo ya karibuni ya Oolite, maharamia hukutumia ujumbe wakitaka utupe makasha kadhaa. Watupie, nao mara nyingi watageukia makasha na kukuacha uende. Misafara ilipopita Ugogo ililipa hongo, vitambaa na shanga, kwa ajili ya maji na njia. Wakuu wa misafara hawakuipenda lakini waliipangia bajeti. Nawe ipangie. Ukiwa na tani 20 za shehena na ukatoa 5, bado safari imelipa. Nusu shari ni heri kuliko shari kamili, na kasha la ngano halina thamani ya chombo.

Sasa tuseme ni mmoja, na umeamua kupigana.

Usimwendee kwa kasi. Punguza mwendo kwa S mpaka karibu nusu, mweke kwenye alama akiwa bado mbali, na subiri. Uvumilivu huo ni mgumu kuliko inavyosikika, kwa sababu anakua kwenye kioo na anaanza kupiga. Akiingia kwenye masafa ya leza yako, piga kwa vipindi: gusa A, achia, sahihisha alama, gusa tena. Angalia kipimo cha joto la leza. Ukishikilia kitufe bila kuachia, joto litapanda hadi leza ikatae kupiga, na kwa kawaida itakataa pale pale adui anapopita mbele yako akiwa mkubwa kama mlango. Milio mifupi inayompata ina faida kuliko mlio mrefu unaopita kando yake.

Atakupita. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, anga ikiwa tupu mbele na kelele zinatoka nyuma. Usizunguke ovyo. Tazama rada: doti yake iko nyuma, kijiti kinapanda au kinashuka. Biringisha mpaka doti ikae kwenye mstari wa katikati na kijiti kinapanda, kisha vuta pua mpaka imfikie. Mwendo wa nusu unakusaidia kwa sababu chombo kinageuka kwa uwezo ule ule, lakini ukiwa na kasi kubwa unachora duara kubwa na kumwacha adui akae nyuma yako. Usisimame kabisa vilevile. Chombo kilichosimama kinapigwa kirahisi.

Ngao zako ni mbili, ya mbele na ya nyuma, na kila moja ina kipimo chake. Ya mbele ikikaribia kuisha, usiendelee kumkabili kwa hasira. Mgeuzie mgongo, ongeza kasi, acha ya nyuma ipokee wakati ya mbele inajijaza. Ngao ikiisha, mapigo yanakula nishati ya chombo na kuharibu vifaa na mizigo, na nishati ikiisha umekwisha. Leza nayo hula nishati hiyo hiyo, kwa hiyo kupiga ovyo ni kujidhoofisha mwenyewe. Nikimtazama mtu akicheza, namjua aliyefuzu kwa jicho lake: liko kwenye vipimo mara nyingi kuliko kwenye adui.

Makombora matatu uliyopewa usiyahifadhi kama mali ya urithi. Kombora jipya ni krediti 30. Bonyeza T, mweke adui kwenye alama mpaka lishike, kisha M. Wengine wana kifaa cha ECM kitakacholilipua njiani, wengi wa maharamia wadogo hawana. Kombora linafaa zaidi mwanzoni mwa pambano, likiwapo la kumsumbua wakati leza inaanza. Ukisikia tahadhari kwamba wewe ndiye uliyerushiwa, na huna ECM, geuka na ukimbie kwa kasi yote. Likikukuta ngao zimejaa, kwa kawaida utabaki hai. Likikukuta ngao zimeisha, hutabaki.

Haramia akipasuka, malipo ya kichwa chake yanaingia moja kwa moja, na mara nyingi huacha makasha yakielea. Doti nyeupe hizo zina hatari yake. Turudi 1871: kikosi cha Waarabu kilifanikiwa kuiteka Wilyankuru, mji wa Mirambo, kikajaza pembe za ndovu na mateka. Mirambo aliwaacha wabebe. Kisha wapiganaji wake, ruga-ruga, wakawavizia njiani wakirudi, mikono imejaa mizigo, na ndiko vita ilikopotelea. Makasha yanapoelea, angalia rada nzima kwanza. Kama kuna doti nyekundu hata moja, hata iliyo mbali, hata unayodhani imekata tamaa, mizigo isubiri. Kwanza utahitaji kifaa cha kuchotea, ambacho ni krediti 525 na huna bado, na kuchota kunakulazimu kwenda polepole na moja kwa moja, pua ikifuata kasha. Huo ndio wakati wa kuviziwa.

Sasa pesa. Watu watakushauri ununue kwanza leza kubwa ya krediti 1000. Siwaungi mkono. Kitu cha kwanza, hata kabla ya kupanua sehemu ya mizigo, kiwe injekta za mafuta, krediti 600. Ukibonyeza I, chombo kinakwenda mara saba ya kasi yake ya kawaida kwa kuchoma mafuta yale yale ya kurukia. Hakuna haramia wa kawaida atakayekufikia bila naye kuwa nazo. Injekta zikishafungwa, kila pambano linakuwa la hiari, na hapo ndipo unaanza kujifunza kupigana kweli, kwa sababu unaweza kuingia, kujaribu kitu kimoja, na kutoka. Sharti lake ni moja: tangi linabeba mafuta ya miaka nuru 7, na ukiyamaliza yote kwa mruko mmoja mrefu, unatokea upande wa pili ukiwa na injekta zisizo na cha kuchoma. Chagua miruko ya miaka nuru 5 au pungufu, usafiri na akiba. Nikiambiwa nitaje kosa linaloua wengi baada ya wiki ya kwanza, nitataja hilo.

Cha pili ni ECM, nayo krediti 600. Cha tatu ndiyo leza kubwa, ifungwe mbele. Si kila kituo kinauza kila kitu. Mifumo yenye teknolojia ya chini, Lave ikiwamo, ina duka dogo, kwa hiyo tazama kiwango cha teknolojia kwenye ile F7.

Leza nyingine dhaifu kama ile ya mwanzo, ya krediti 400, itakuwa na kazi nzuri kuliko zote ikifungwa nyuma. Ukiwa nayo, wakija watatu unawageuzia mgongo na kuwasha injekta kidogo kidogo, uwatangulie bila kuwapoteza. Nao watajipanga nyuma yako, kwa sababu wote wanafuata njia moja. Bonyeza F2 utazame nyuma. Unawaona wamekaa karibu bila kuyumba, mmoja baada ya mwingine, na alama ya leza iko juu yao. Mishale ya juu na chini itaonekana kufanya kinyume, hilo litakusumbua jioni moja au mbili, kisha utazoea. Wakikaribia mno, gusa I. Wakibaki nyuma mno, achia. Hivyo ndivyo chombo kimoja cha biashara kinavyowamaliza watatu, na mwenye chombo hicho tangu mwanzo hadi mwisho alikuwa anakimbia.

Kuhusu polisi: usipige chombo ambacho hakijageuka chekundu, na usirushe hata mlio mmoja karibu na kituo. Leza iliyompitia haramia ikampata mfanyabiashara nyuma yake inakuandikia kosa, na ukiandikwa, wale uliokuwa unawakimbilia ndio watakaokuwinda.

Gemu hii inahifadhi safari ukiwa umetia nanga tu. Ukiwa angani hakuna kuhifadhi, na umeme ukikatika huku betri imechoka, kila kitu tangu kituo cha mwisho kimepotea. Kwa hiyo ukiingia kituoni, hifadhi kabla ya kununua au kuuza chochote. Jioni ambayo umeme unayumba, fanya miruko mifupi ya Lave na Zaonce, acha mapambano ya kutafuta. Faili lako la safari ni dogo, linakili kwenye flashi kila baada ya siku kadhaa, hasa kama kompyuta mnaitumia wengi nyumbani na kila mtu ana rubani wake.

Cheo chako kitabaki Harmless mpaka uangushe vyombo 8, na cha juu kabisa, Elite, kinadai 6,400. Usikimbizane na hesabu hiyo. Ukishakuwa na injekta, ECM, leza kubwa mbele na nyingine nyuma, na vidole vinabiringisha bila kuulizwa, basi jaza tangi, acha mizigo kituoni, hifadhi, na uielekeze ramani Riedquat.